Alikwenda Kuwasaidia Polisi

Mkanda wa mashine ya kukoboa ulikatika, na kwa mara ya kwanza siku ile tukasikia Bunge linasema nini.

Asubuhi yote tulikuwa tunalitazama bila sauti. Televisheni ya mwenye mashine imetundikwa juu ya mlango, imefunikwa vumbi la pumba mpaka waheshimiwa wote wanaonekana wamekaa kwenye ukungu. Walikuwa wanafungua midomo na kuifunga. Walikuwa wanapiga meza, na meza hazilii. Mwanangu amelala mgongoni, shingo inaniwasha kwa pumba, harufu ya mchele mpya unaotoka wa moto kwenye mdomo wa mashine imenilevya kidogo, nikawa nawaona kama samaki kwenye maji ya mafuriko, wanapita kimya, wanageuza matumbo, wanapotea. Sikuwa na ugomvi na samaki.

Kisha mkanda, paa! Mashine ikashusha pumzi, ikanyamaza, na sauti ya mwanamume aliyeshiba ikajaa banda zima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, narudia ili wananchi wanisikie. Kutoka bonde lile halijawahi kuletwa lalamiko hata moja lililo rasmi dhidi ya askari wetu. Hata moja! Sasa hiyo tume ikachunguze nini? Uvumi?"

Meza zikapigwa. Safari hii zililia.

Ungo ulikuwa mikononi mwangu na mchele ndani yake. Sikumbuki kuuachia. Nakumbuka mchele ukitawanyika kwenye sakafu kama mvua ya mawe, kuku wa mwenye mashine wakikimbilia, na mdomo wangu ukisema, "Mshenzi!"

"Wee, nyamaza," akanong'ona mama mmoja kwenye foleni, "hiyo ni serikali."

"Hiyo ni televisheni," nikasema. "Mshenzi huyo huyo."

Mtoto akaamka, akalia. Fundi wa mashine akanitazama, akaitazama televisheni, akainama kutafuta mkanda mwingine. Aliutafuta polepole sana. Mpaka leo nadhani alifanya makusudi ili tusikilize.

Tukasikiliza. Akasimama mbunge mwingine, mwembamba, miwani imemshuka puani, yule aliyekuwa ameomba tume iundwe. Akasema huko vijijini watu wanachukuliwa wakiwa wazima na wanarudi si wazima. Hajamaliza, "Taarifa! Taarifa!" zikamvamia kutoka kila upande. Aliyekalia kiti akamwambia akae chini apokee taarifa. Akakaa. Mwenzake akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu kwanza.

"Nampa taarifa mzungumzaji, anayezungumza vizuri sana, kwamba hao anaowasema hawakukamatwa. Walikuwa wanaisaidia polisi tu. Hata yeye siku akihitajika, ataisaidia."

Ukumbi ukacheka.

"Mheshimiwa, unaipokea taarifa hiyo?"

"Siipokei, Mheshimiwa Mwenyekiti. Hata nikiletewa kwenye sahani siipokei."

Wakacheka tena. Pale kwenye mashine hakuna aliyecheka. Mama wa Kisukuma aliyeketi juu ya gunia lake, ambaye mifugo ya kwao na mpunga wa kwetu vimegombana miaka yote, akatema pumba zilizomwingia mdomoni, akasema, "Kaka yangu naye alisaidia. Alisaidia mpaka meno ya mbele."

Kusaidia. Neno hilo ndilo lililomtoa mume wangu shambani.

Mpunga ulikuwa bado una maziwa. Siku hizo shamba letu la upande wa Mofu lina usingizi wake. Maji yameanza kurudi mtoni, ukungu unalala chini mpaka jua lipande, na sisi tunaishi juu ya madungu, vile vichanja vya miti vya kuwingia ndege, hivyo ukitazama kwa mbali utadhani kila familia inaelea hewani na sufuria zake. Mume wangu alikuwa hodari wa ndege. Hakuwangoja awaone. Atakuwa amelala chali, kofia usoni, mimi namsema kwamba ndege watatumaliza huku yeye anakoroma, mara ananyanyua kidole: "Wanakuja." Anavuta kamba ya makopo. Na kweli, wingu la kwelea linatokea, linageuka juu ya mpunga wetu bila kutua, linakwenda kuwatesa wengine. Nilimuuliza anasikia nini. Akasema kabla hawajafika kuna kitu hewani kama khanga mpya inafunuliwa.

Wiki ile ng'ombe waliingia mashamba ya jirani. Watu wakagombana, ng'ombe mmoja akakatwa. Aliyemkata simjui na sitajifanya namjua. Askari wakaja na gari, wakawa wanashusha kila mwanamume waliyemkuta juu ya dungu na kubeba kila mfugaji waliyemkuta njiani. Nilipiga kelele. Niliambiwa nirudi nyuma na mtoto wangu.

Mama mkwe wangu alikuwepo. Ni Mpogoro wa upande wa Mahenge, na Kiswahili anakitumia kama vikombe vya wageni, kwa uangalifu, kila neno na kazi yake. Akawauliza wale askari, "Mnampeleka wapi mwanangu?"

Mmoja akamjibu, tena kwa upole kabisa, "Usiwe na wasiwasi, bibi. Anakuja kutusaidia kidogo."

Uso wa mama ukafunguka. Kwetu kusaidia si neno la mchezo. Shamba likikushinda unaita watu, wanakuja na majembe yao, unawapikia, unawapa togwa, wanalima mpaka jua lishuke. Siku yao ikifika, unakwenda. Hakuna anayekukumbusha. Na asiyekwenda, hata akifiwa watu watachelewa kufika.

"Aje na jembe au na mundu?" akauliza mama.

Wakacheka. "Aje hivyo hivyo, bibi. Vifaa tunavyo."

"Na chakula?"

"Atakula huko huko."

Mama akakataa katakata. Akafunga ugali na perege wa kukaanga kwenye kitambaa cheupe, akampa mwanawe. Mume wangu akakipokea kwa mikono miwili, macho yake kwangu. Gari likaondoka, yangeyange wakaruka wote kwa pamoja kutoka kwenye maji, weupe, bila haraka, wakatua palepale walipokuwa. Kama hakuna kilichopita.

Aliporudi ilikuwa mchana wa jua kali. Niliona mtu anakuja kwenye tuta la shamba, njia inacheza kwa joto, miguu yake haigusi chini. Kile kitambaa alikuwa nacho mkononi, amekikunja vizuri.

"Pole na kazi," mama akamwambia. "Ilikuwa kazi gani?"

Hakujibu. Mama alikuwa amesimama upande wake wa kushoto.

"Kachoka," akasema mama. "Ilikuwa kazi ngumu." Akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Sikio la kushoto lilikuwa limevimba, lina damu iliyokauka kwa ndani. Mimi nikamuuliza upande wa kulia, polepole, wamekufanya nini. Akasema walimpiga vibao vya sikio, kimoja baada ya kingine, wakimuuliza nani kakata ng'ombe, na kwamba baada ya kile cha mwisho aliona midomo yao inakwenda lakini wao wamekwenda mbali. Akasema sasa humo ndani kuna mto. Si kelele, mto, ule wa masika, ukiwa umepanda mpaka kwenye mashina ya migomba na usiku kucha unapita bila kupungua. Nikaweka sikio langu juu ya sikio lake nione kama na mimi nitausikia. Nilisikia damu yangu mwenyewe.

Zahanati walimtazama kwa huruma. Wakasema jeraha la kipigo linataka PF3, ile fomu ya polisi, ndivyo taratibu zilivyo. Basi tukarudi polisi kuomba fomu ya kutibiwa kwa kupigwa na polisi. Nikiandika hivi naona kama niliota. Lakini tulikwenda, na foleni tulipanga.

"Kapigwa na nani?" askari wa kaunta akauliza.

"Na ninyi," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeletewa hesabu isiyogawanyika. "Sasa, mama, unataka nijiandikie mwenyewe?"

"Andika kilichotokea."

"Kabla ya hapo alikuwa wapi?"

"Kwenye dungu."

"Dungu refu?"

"La kawaida."

"Basi ameanguka."

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanishika mkono. "Andika tu, afande," akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyosema watu wasiojisikia. "Sikio linauma."

Ameanguka. Kwa wino wa bluu. Tukapewa dawa ya matone na vidonge, na kila tulikokwenda baada ya hapo neno lile lilitutangulia kuingia. Umeanguka, eh? Dungu lilikuwa na urefu gani? Poleni, kuweni waangalifu. Tabibu mmoja akamwambia afike hospitali kubwa akapimwe sikio kwa ndani, lakini akasoma fomu, akasema kwa kuanguka tu, tusubiri kwanza. Tukasubiri. Mto haukushuka. Mume wangu akawa analalia sikio la kulia, lile zima, na mtoto anapolia pembeni yake yeye analala na uso wa amani ambao mchana hana tena. Kwelea walikula nusu ya mpunga wetu mwaka huu. Alikuwa juu ya dungu, kofia usoni, na wao wametua.

Ndiyo maana nilisimama mbele ya televisheni ile na ungo mtupu.

Bungeni mambo yalikuwa yamechemka. Wabunge wamesimama wengi, "Kuhusu utaratibu! Kuhusu utaratibu!" Yule mwembamba anataka kuendelea, anakatwa. Aliyekalia kiti akauliza ana ushahidi gani kwamba wananchi wanapigwa.

"Wananchi wenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Weka ushahidi mezani au ufute kauli."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sikio la mtu nitaliwekaje mezani?"

Sijui alikuwa anamsema nani. Mabonde ni mengi na masikio ni mengi. Lakini mimi nilikaa chini pale pale kwenye pumba, kwa sababu nilimwona mume wangu amesimama katikati ya ukumbi ule wa viti vya kijani, kofia mkononi, anageuza kichwa ili awasikie.

"Futa kauli, Mheshimiwa."

Yule mbunge akavua miwani. Akaifuta kwa tai yake, muda mrefu, kana kwamba ndiyo aliyoambiwa aifute. "Nafuta," akasema.

"Unafuta neno gani?"

"Nafuta neno 'wanapigwa'."

"Endelea."

Na akaendelea! Hilo ndilo lililonimaliza. Akaendelea na barabara. Neno limetolewa kwenye kumbukumbu, kule Dodoma hakuna aliyepigwa, na huku kwenye fomu yetu mtu ameanguka. Pande zote mbili kumefagiliwa.

"Rasmi maana yake nini?" nikawauliza wale wanawake.

"Iwe kwenye karatasi," akasema mmoja.

"Iwe na mhuri," akasema yule mama wa Kisukuma. "Bila mhuri ni maneno ya mashineni."

Mkanda ukapatikana. Mashine ikanguruma, waheshimiwa wakarudi kuwa samaki.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anasuka kamba, nikazunguka upande wa kulia, nikamwambia ninachokwenda kufanya. Aliendelea kusuka. Kisha akasema, "Wataniita tena nikawasaidie."

Hilo nililijua. Ndilo lililokuwa limekaa katikati yetu tangu aliporudi, tunalizunguka kama sufuria ya moto. Kulala kwetu kote, kunyamaza kwetu kote, kulikuwa ni ili gari lile lisirudi. Kidato cha nne nilichomaliza hakikunifundisha jibu lake.

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akainua kichwa. "Wakuite tena? Kwani wao wameshakuja kwetu?"

Mume wangu akaacha kusuka.

"Si ulikwenda kwao? Ulifanya kazi mpaka ukaumia. Sasa mpunga wa kule bondeni umesimama, unapukutika, wewe kizunguzungu hakikuruhusu kuinama. Wao hawajaleta hata mtu mmoja wa kushika mundu. Watu gani hao?"

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika sikio. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mpunga ukiwa na maziwa, na sijui hata leo kama mama alikuwa haelewi au alikuwa anatusukuma. Nimemuuliza. Anasema, "Si walisema wenyewe?"

"Nenda," mume wangu akaniambia alipopata pumzi. "Ila usiandike kwa hasira."

"Niandike kwa nini sasa, kwa chumvi?"

Sikwenda kituo kile. Nilikwenda ofisi ya polisi iliyo juu yao. Mama akavaa sare yake ya akina mama wa parokia, viatu vya Jumapili, akasema anakuja kama shahidi. Njia ilikuwa na ukungu hadi magotini, Ifakara bado inaamka, baiskeli za mkaa zinatokea na kupotea, na mimi na yeye tunatembea, mtoto mgongoni kwangu, kama tunakwenda misa ya kwanza.

Kaunta alikaa kijana mdogo, mdogo kuliko mimi. Alipomwona mama akasimama vizuri. "Shikamoo, bibi."

Mama hakujibu.

"Shikamoo, bibi," akarudia kwa sauti zaidi.

Mama akatazama ukutani. Huku kwetu hata aliyekuibia kuku akikuamkia unamwitikia, kisha ndiyo unamdai kuku. Yule kijana salamu yake ikabaki inaning'inia, hajui aiache pale au aichukue. Masikio yakamwiva.

"Bibi hasikii?" akaniuliza.

"Anasikia vizuri. Asiyesikia ni mwanawe."

Nikampa karatasi. Akasoma mistari ya juu, akapunguza sauti. "Dada, hii ni barua tu?"

"Ni lalamiko rasmi."

"Nani kakwambia lalamiko rasmi liko hivi?"

"Bunge limesema halijawahi kuletwa. Basi limeletwa. Kama halijakaa sawa, nionyeshe lile lililokaa sawa niige."

"Haya mambo huwa yanazungumzwa. Utamharibia mtu kazi."

"Na mume wangu kazi yake ilikuwa kusikia ndege. Cheka kama unataka."

Hakucheka. Akamtazama mama mara nyingine, kama mtoto anayengoja kuruhusiwa kuondoka, akabeba karatasi yangu na nakala yake, akaingia ndani. Tukangoja. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu polepole sana, mtoto anaifuata kwa macho. Kutoka ndani nilisikia mlango, sauti za wanaume, kimya, mtu anasoma kwa sauti ya chini, kimya tena. Nilimwona mume wangu kwenye dungu, mto ndani ya kichwa chake, anangoja na yeye. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Nilitamani mashine ya kukoboa ingekuwa pale, ingurume, ili nisisikie viatu vinavyokuja.

Vilikuwa vya yule kijana. Aliweka nakala yangu juu ya kaunta. Ilikuwa na mhuri, wino haujakauka. *Imepokelewa.*

Mama akaishika, akaigusa pale penye mhuri kwa kidole, akakitazama kidole chake kilichopakwa wino. Ndipo akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Majina yako kule, hapa nayaacha. Mengine niliandika hivi:

*YAH: LALAMIKO RASMI*

*Mume wangu alichukuliwa na askari wenu shambani akiwa anasikia kwa masikio yote mawili. Tuliambiwa anakwenda kuwasaidia polisi. Alirudi hasikii upande wa kushoto. Kwenye PF3 yake mliandika ameanguka. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu mkakufanya kauli. Leo naifuta kauli hiyo. Hakuanguka. Naomba na ninyi mfute neno "ameanguka" na muandike "alipigwa", na aliyempiga, na mahali alipompigia, ili akatibiwe kwa kilichomuumiza na si kwa dungu ambalo halijamwangusha mtu.*

*Mume wangu anaogopa kuitwa tena. Kama mna swali, niiteni mimi. Ninapoishi nimeandika hapo juu.*

*Jambo la mwisho linatoka kwa mama yake, naye ameniambia nisilipunguze. Alikuwepo mwanawe alipoombwa msaada, na chakula alimfungia yeye. Anauliza zamu yenu mtakuja lini. Mpunga wa bondeni bado umesimama. Mje na miundu yenu. Chakula tutapika sisi.*